Kitabu Kilichongoja Miaka 35

Wapo waandishi wanaopuuzwa kwa kuwa hawakusomwa, na wapo wanaopuuzwa hali wamesomwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe yalimpata yote mawili: la kwanza kwa muda wa miaka 35, na la pili hata leo halijamwondokea.

Habari za maisha yake si ndefu kusimulia. Alizaliwa mwaka wa 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, kisiwa kikubwa cha Ziwa Viktoria upande wa Mwanza. Alisoma seminari ya Rubya katika nchi ya Buhaya, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za Wazungu, kisha akarudi kwao, akawa katekista na mfasiri. Alioa mke mmoja, wala hawakubahatika kulea mtoto hata akakua. Mwaka wa 1945 alimaliza kuandika, kwa lugha yake ya Kikerewe, hadithi ndefu ya mtu aitwaye Myombekere na mkewe Bugonoka.

Zamani zile hadithi ndefu ya nathari iliyoandikwa na Mwafrika wa nchi hizi ilikuwa kitu adimu. James Mbotela alikuwa amekwisha kutoa Uhuru wa Watumwa mwaka wa 1934. Shaaban Robert alikuwa bado hajapiga chapa Kusadikika, iliyotoka mwaka wa 1951. Basi Kitereza hakuwa na mtangulizi wa kumfuata, wala hakuwa na msomaji aliyezoea kazi ya namna hiyo. Tena aliandika Kikerewe, lugha ya watu wachache. Serikali ilikuwa imekwisha kuchagua Kiswahili kwa shule, na mitambo ya misioni ilitoa kwa lugha za kienyeji katekisimu, sala, na vijitabu vya kusomea. Nasi ambao maneno yetu yapigwa chapa na misioni tusijifanye wageni wa habari hiyo. Padre mmoja Mkanada, Almas Simard, alimtia moyo sana. Lakini moyo wa rafiki mmoja si chapa.

Watu wakisikia neno upweke wa msanii hudhani ni mtu akaaye msituni peke yake, mwenye nywele timtim, anayewachukia wenziwe. Kitereza hakuwa hivyo. Alikaa katikati ya watu, aliwafundisha, aliwaamkia na kuamkiwa. Upweke wake, nijuavyo mimi, ulikuwa wa namna nyingine, nao ni mzito zaidi: hapakuwa na mtu wa kumwuliza kama sura hii yafaa au haifai. Fundi wa mitumbwi ana mafundi wenziwe ufukoni, wapitao wakagusa ubao wakasema, hapa umekosea. Yeye alikuwa fundi wa kazi ambayo pale kisiwani hakuna mwingine aliyeifanya. Wakamstahi kama mtu mwenye elimu, naye akabaki na makaratasi yake.

Wageni walipokuja, na hasa mtaalamu wa historia kutoka Marekani, Gerald Hartwig, pamoja na mkewe Charlotte, waliokutana naye miaka ya 1960 ikielekea mwisho, ndipo shauri la kukitoa kitabu kwa Kiswahili lilipopata nguvu. Mzee yule, ambaye miaka imempita na mwili umedhoofika, akakifasiri mwenyewe. Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka wa 1980. Mwaka wa 1981 akafariki.

Nataka msomaji apime muda huo kwa kipimo kingine. Euphrase Kezilahabi, naye mwana wa Ukerewe, alizaliwa mwaka wa 1944. Yaani alikuwa mtoto mchanga Kitereza alipoweka kalamu chini. Mtoto yule alikua, akasoma, akaandika Rosa Mistika, ikatoka mwaka wa 1971, ikapigwa marufuku shuleni, ikazungumzwa nchi nzima. Na kitabu cha mzee wa kisiwa chake kilikuwa bado hakijatoka.

Hayo ni ya kutosomwa. Sasa nije kwenye la pili, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kitabu kilipotoka hakikutukanwa. Kilisifiwa, na sifa hiyo ndiyo iliyokifunika. Walisema, na hata leo husema, kwamba ni hazina ya mila: ndani yake mna kilimo, uvuvi, uganga, ndoa, mazishi, namna ya kumpokea mgeni na namna ya kumwaga. Yote hayo yamo kweli. Lakini mtu akiisha kukiita kitabu hazina, hakisomi tena. Hukiweka kabatini, na siku akitaka kujua jinsi Wakerewe walivyozika, hukifungua ukurasa ule tu. Hivi ndivyo tunavyotumia kamusi. Hakuna asemaye, “Nilisoma kamusi usiku kucha.”

Nami sina haki ya kuwalaumu wengine kwa ukali, maana mara ya kwanza nilikifunga kitabu hiki mahali pa kupika pombe. Msomaji asiyekijua aniruhusu nimweleze. Bugonoka hazai. Ndugu za mumewe wamtukana. Wazazi wake wapata habari, wanakuja kumchukua. Njia rahisi ilikuwa wazi mbele ya Myombekere, nayo haikuwa na aibu kwa desturi: adai mahari yake, aoe mwingine. Yeye akataka mke wake yule yule. Basi akaenda kwa wakwe kuomba, nao wakamtoza pombe ya ndizi kuwa fidia. Hapo mwandishi anaanza kutueleza jinsi pombe ile itengenezwavyo, na jinsi mtu anavyohangaika kuipata, kazi baada ya kazi, siku baada ya siku. Nikasema moyoni, hadithi imekwenda wapi? Nikakifunga.

Miaka mingi baadaye nilikirudia, nikaona upofu wangu. Hadithi haikuwa imekwenda popote. Pombe ile ndiyo hadithi. Mwanamume amebaki peke yake katika nyumba isiyo na mwanamke. Hana wa kumpikia, hana wa kumwambia amechoka. Na jambo pekee awezalo kulifanya ili arudishiwe mwenziwe ni kazi ambayo haikubali haraka. Ndizi haziivi kwa sababu wewe una huzuni. Pombe haichachi kwa sababu mkeo yuko mbali. Mwandishi wa siku hizi angeandika, “Alimpenda sana mke wake,” akapita. Kitereza hasemi hivyo. Atuonyesha mikono ya mtu huyo ikifanya kazi, na kutufanya tungoje kama alivyongoja yeye. Aliyeruka kurasa zile ameuruka upendo wenyewe, kisha alalamika kwamba kitabu hakina mapenzi.

Ndivyo ilivyo na maamkizi marefu, ambayo wasomaji wengi huyachoka. Mkwe na baba mkwe wenye jambo baina yao hawawezi kuanza kugombana kabla ya kuamkiana, kukaribishana, kuulizana hali ya mji na ya mifugo. Katika maneno yale ya adabu kila mmoja ampima mwenziwe. Ugomvi wote umo mle, umefunikwa kwa heshima. Anayetafuta mila ataiona mila. Anayetafuta watu, na watu wamo.

Labda msomaji ataniuliza: Je, Kitereza mwenyewe hakusema kwamba aliandika ili vizazi vijavyo vya Wakerewe vijue desturi za wazee wao? Ndiyo, hiyo ilikuwa nia yake, wala sina ruhusa ya kumkana mwenye kazi. Lakini mtu aweza kuchonga kinu cha kutwangia, na kinu kikawa kizuri kuliko haja ya kutwanga. Kama nia yake ingekuwa desturi tu, angepanga sura zake kama wafanyavyo wataalamu: ndoa peke yake, magonjwa peke yake, mazao peke yake. Yeye alichagua watu wawili, akawapa jeraha moja, nalo jeraha hilo alilijua nyumbani kwake. Sisemi kwamba Myombekere ni Kitereza. Nasema tu kwamba mtu ambaye nyumba yake haikuwa na sauti ya mtoto ndiye aliyeandika juu ya mume asiyemwacha mke asiyezaa, na ajabu ni jinsi wachache walivyoliona hilo wakati walipokuwa wakihesabu dawa na mitego ya samaki.

Kasoro zipo, wala sitazificha. Mahali pengine mwalimu ndani yake amshinda msimuliaji, akafundisha jambo ambalo hakuna mtu katika hadithi anayelihitaji saa ile. Na watoto wakiisha kuzaliwa, kamba ya hadithi yalegea. Mambo yafuatana tu. Kiswahili chake nacho kina mwendo wa Kikerewe, kikimchosha mtu wa pwani. Mimi mwendo huo nimeupenda, lakini najua wenzangu wasioupenda. Kwa Kiingereza kitabu kilitoka mwaka wa 2002, kimefasiriwa kutoka Kikerewe chenyewe na Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwingine na mwandishi wa hadithi. Wajerumani na Wafaransa walikwisha kupata chao kabla ya hapo. Wageni hao wanakisoma kwa lugha zao, na sisi tulioandikiwa kwa Kiswahili na mkono wa mwandishi mwenyewe twasema ni kirefu.

Watoto wale waliozaliwa baada ya taabu yote waliitwa Ntulanalwo na Bulihwali. La kwanza ni jina la mtu akaaye na kifo siku zote. La pili ni swali, mateso yatakwisha lini. Hapana furaha iliyotajwa katika majina hayo, ingawa wazazi wao walifurahi mno. Maana katika nchi ile mtoto aliyengojewa sana haitwi kwa jina la kujivuna. Mwenye nacho kitabu na akifungue pale Myombekere anapokwenda kwa wakwe zake kumwomba mkewe, asome mpaka mitungi ifike, asiruke hata ukurasa mmoja.