Kijarida cha Familia: Uhakiki wa Barua ya Mwisho wa Mwaka

Kila mwaka Desemba inapofika ukingoni, zipo familia hapa Kigali ambazo huandaa barua moja ya pamoja, huipamba kwa picha, kisha huituma kwa ndugu na jamaa walioko Kampala, Bujumbura, Dar es Salaam, Goma na hata Brussels. Darasani tunafundisha barua ya kirafiki na barua rasmi. Hii, ambayo tutaiita kijarida cha familia, imeangukia katikati. Makala haya yanakusudia kuihakiki kwa upande wa maudhui na fani. Msimamo wetu ni kwamba dosari yake kubwa si majivuno, kama wengi wanavyodhani, bali ni kusema na watu wote bila kusema na mtu yeyote.

Tuanze na asili yake. Utanzu huu ulishamiri Marekani na Uingereza katika karne ya 20, mashine za kurudufu zilipomwezesha mtu kuandika mara moja na kutuma mara hamsini. Huko umezoeleka hata ukawa wa kuchekwa: mwaka 2004 mwandishi wa habari wa Uingereza, Simon Hoggart, alichapisha kitabu kizima cha kuudhihaki. Hapa kwetu una sababu nzito zaidi. Kuanzia mwaka 1959 Wanyarwanda wengi walikimbilia Uganda, Burundi, Tanzania na Zaire ya wakati huo. Wengi waliorejea baada ya 1994 walikuja na watoto waliosomea huko. Katika ukoo mmoja mtoto wa baba mdogo amesoma kwa Kifaransa na mtoto wa shangazi kwa Kiingereza, na si ajabu Kiswahili kikawa ndicho wanachokutania. Kwa hiyo lugha hii, ambayo ni rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, ina kazi nyumbani pia, si ofisini tu.

Kwa upande wa maudhui, vijarida vingi ni orodha ya mafanikio: mtoto amehitimu, nyumba imeezekwa, gari limenunuliwa. Hakuna ubaya kushukuru. Ubaya ni yale yanayoachwa. Bibi aliyelazwa miezi miwili hatajwi, wala kijana aliyekosa kazi. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Jamaa aliyesoma mwezi Desemba kwamba wote ni wazima, kisha akapigiwa simu ya msiba mwezi Januari, hatakiamini tena kijarida hicho.

Hapa inafaa tukumbuke barua nyingine ambayo nchi hii inaifahamu vizuri. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, familia zilizotawanyika zilitafutana kwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu: karatasi fupi, isiyofungwa, iliyoruhusiwa kubeba habari za familia tu. Nani yu hai, yuko wapi, nani yuko naye. Karatasi hiyo haikuwa na nafasi ya mapambo, na kila neno lilikuwa na mtu anayelingoja. Hatusemi kijarida cha sikukuu kiige huzuni ile. Tunasema kijiulize swali lile lile: ni habari gani ambayo msomaji wangu anaingoja?

Kwa upande wa fani, tatizo huanza katika mstari wa kwanza. “Wapendwa wote, tunachukua fursa hii kuwatakia heri ya sikukuu.” Sentensi hii ina sauti ya tangazo la benki. Babu ameamkiwaje hapo? Kiswahili kina adabu yake: “Shikamooni babu na bibi, baba wakubwa na baba wadogo, shangazi na wajomba. Wadogo zetu, hamjambo?” Kwa maneno machache kila mmoja amepewa kiti chake. Hali kadhalika Kinyarwanda humtenga masenge, dada wa baba, na marume, kaka wa mama. Familia inayoandika “anti” na “anko” kwa kila mtu imepoteza habari muhimu kuliko ile ya gari.

Pia tunao mfano bora katika fasihi yetu. Barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, za miaka ya 1931 hadi 1958, zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na TUKI mwaka 2002. Humo mambo ya nyumbani yanakaa pamoja na mashaka ya mwandishi anayetafuta njia ya kuchapisha miswada yake. Mwenye kuzisoma haoni mtu mashuhuri akijitangaza, bali kaka akiongea na mdogo wake. Mtu ataleta hoja kwamba zile ziliandikwa kwa mtu mmoja, na kijarida ni cha wengi. Ni kweli. Lakini hata kijarida kinaweza kuacha mistari mitatu chini, ijazwe kwa mkono au kuchapwa upya kwa kila nyumba: “Shangazi, mbegu za maharage ulizotupa zimeota.”

Tunawapendekezea walimu zoezi hili. Mwanafunzi aandike kijarida cha ukurasa mmoja kwa Noeli, kwa Idi au kwa Umuganura, sikukuu ya mavuno ya Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Aeleze neema moja, shida moja na jambo moja ambalo familia inaomba ushauri. Kisha amsomee mtu mzima wa ukoo wake kwa sauti, na aandike maswali yote atakayoulizwa. Maswali hayo ndiyo yatakayomwonyesha yaliyosahauliwa, na hapo ndipo rasimu ya pili ianzie.