Kibao cha Mlangoni Kinahitaji Milimita

Vituo vya mabasi ya mwendokasi kwenye tawi la Gerezani, linalopita Barabara ya Msimbazi, Kariakoo, vina jambo moja lililofanywa vizuri. Sakafu ya kituo imelingana na sakafu ya basi, na mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kunyanyuliwa. Tangu huduma ianze Mei 2016, hilo halikuachiwa hisani ya mtu. Lilikuwa kipimo cha mhandisi.

Vibao havijapata bahati hiyo. Katika majengo mengi ya maduka Kariakoo, kibao ni makubaliano ya fundi na mwenye fremu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja vibao vya nukta nundu katika ibara ya 9, lakini hautoi kipimo hata kimoja. Fundi hawezi kuchonga ibara.

Wamarekani waliandika vipimo, na kanuni zao za ufikivu za mwaka 2010 zafaa kusomwa polepole. Kwanza waligawa vibao kwa kazi yake. Kinachotambulisha chumba cha kudumu, kama choo au ofisi yenye namba, lazima kisomeke kwa kidole. Kinachoelekeza njia kinatakiwa kusomeka kwa macho tu. Matangazo ya muda mfupi yamesamehewa. Kwangu mimi, mgawanyo huu ndio ubora mkubwa wa kanuni hizo.

Kisha mlango. Herufi za kupapaswa ziinuke angalau milimita 0.8, kimo chake kiwe kati ya milimita 16 na 51, na nukta nundu zikae chini yake. Ziwe kati ya sentimita 122 na 152.5 kutoka sakafuni, kwa kawaida ukutani upande wa kitasa. Asiyeona hawezi kupapasa ukuta mzima wa korido. Anapeleka mkono pale anapojua kibao hukaa. Kibao kizuri kilichobandikwa popote fundi alipoona panafaa hakimsaidii. Mbele ya kibao huachwa nafasi ya mraba ya sentimita 45.5 kwa 45.5, nje ya mzunguko wa mlango, ili anayesoma asigongwe mlango ukifunguliwa.

Kwa wenye uoni hafifu, ukubwa wa herufi hufuata umbali. Kibao kilichotundikwa mita 2.5 juu na kusomwa kutoka mita 10 kinahitaji herufi za milimita 108 hivi, na uso usiong'aa.

Kipimo kinachotugusa zaidi ni cha fimbo nyeupe. Fimbo hugundua kilicho chini; haigundui kinachoning'inia usoni. Kwa hiyo, kati ya sentimita 68.5 na 203 kutoka chini, kitu kilichofungwa ukutani kwenye njia ya watu kisitokeze zaidi ya sentimita 10. Pita mitaa ya Kariakoo uone mabango, mabegi na nguo zilizotundikwa kwenye kimo hichohicho. Na hapo jirani ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, inayosomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona.

Kunakili namba za Marekani hakutatosha. Zinachukulia kwamba korido ni tupu, na korido zetu zina marobota. Kibao kinaweza kutimiza kila milimita kikafichwa nyuma ya mzigo kabla ya saa nne asubuhi. Kipimo cha kibao kiende pamoja na mstari sakafuni ambao mzigo hauuvuki, na mwenye jengo awajibike nao.

Mnaojenga maghorofa ya maduka Kariakoo, andikeni hayo kwenye mkataba wa fundi wa vibao: kimo, upande wa kitasa, nafasi ya kusimama. Na nukta zikaguliwe na msomaji wa nukta nundu kabla fundi hajalipwa.