Mwendo wa Mlimani

Sisi tuliozaliwa vijijini tulijua kutembea kabla hatujajua kwamba kutembea ni ujuzi. Shule ilikuwa mbali, kisima mbali, kanisa mbali. Tulipoanza kushika nauli tukaona tumeokoka, na siku hizi hata kwenda duka la mtaa wa pili tunaita bodaboda. Kisha ukubwani, kitambi kimeshachomoza, mtu anasimama Morogoro mjini, anainua macho kuitazama milima ya Uluguru, na miguu inaanza kumwasha.

Njia ya kupanda Morningside, kwenye nyumba iliyojengwa enzi za Wajerumani, haina huruma. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Nyumba ile imepita 1,000, na tofauti hiyo inalipwa na magoti. Mgeni huanza kwa kishindo, picha na vicheko, na migomba haijaisha ameshaketi kando ya njia, mdomo wazi. Wanaopanda na spika za muziki ndio huketi mapema zaidi, nami siwaonei huruma.

Walimu wenyewe wa mwendo wa mlimani wanatoka juu. Ni akina mama wa Kiluguru wanaoteremka asubuhi kwenda sokoni, ngata kichwani, na juu ya ngata beseni la mboga. Watazame miguu. Hatua ni fupi. Goti limekunjwa kidogo, halikazwi kamwe. Penye utelezi mguu unawekwa kiubavu, vidole vinashika udongo kwanza, ndipo uzito unafuata. Shingo haitikisiki. Na mzigo wote ule, wanapiga soga! Hicho ndicho kipimo: ukishindwa kuongea, umeipita pumzi yako. Tena wanapumzika kabla ya kuchoka, jambo ambalo sisi wa maofisini hatujaliweza.

Mlima huu wanaujua kuliko waliotumwa kuwafundisha. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. 1955 wakagoma, na mpango ukafa. Maji ya miteremko hii huingia Mto Ruvu, yakaenda kunywewa Dar es Salaam, kwa hiyo mtu wa Dar anayehema hapa anapanda chanzo cha bomba lake.

Sikuja kutafuta hekima, nilikuja kupunguza kitambi. Lakini Uluguru inaficha vilele vyake: unafika ulipodhani ni mwisho, unakuta mwinuko mwingine unakungoja. Kijana hukasirika. Aliyekwisha kusomesha watoto kwa mkopo na kujenga chumba kimojakimoja hutema mate, akafunga kamba za viatu, akaendelea, ameshazoea.

Kushuka ndiko kunakoumbua. Nilikuwa nimeshika fimbo kwa mikono miwili, nikijikokota, mama mmoja mwenye beseni akanifikia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Akanipita, akageuka shingo ikiwa wima vilevile, akauliza kama nina mwenzangu wa kunishika mkono.