Stara Bila Msiri: ELIZA ya Weizenbaum na Mapokezi ya Programu za Ushauri Nasaha

Mjadala kuhusu programu za akili unde zinazozungumza na watu wenye dhiki ya moyo umetawaliwa na swali moja: je, mashine inaelewa? Wanaozishuku husema haielewi. Wanaozishabikia husema itaelewa karibuni. Makala haya yanadai kwamba swali hilo, ingawa ni halali katika falsafa, halielezi kwa nini watu huiambia mashine mambo wasiyomwambia ndugu. Hoja hii inajengwa kwa kulisoma upya tukio mashuhuri katika historia ya programu hizo, kwa kuongozwa na dhana ya Kiswahili ya stara.

Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Jina alilitoa kwa Eliza Doolittle, muuza maua katika tamthilia ya Pygmalion ya Bernard Shaw, ambaye hufundishwa kusema kama mtu wa tabaka la juu. Katika umbo lake lililovuma zaidi, ELIZA iliigiza mtaalamu wa tiba ya nafsi wa mkabala wa Carl Rogers, ambaye humrudishia mteja maneno yake mwenyewe. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: programu ilitafuta neno la msingi katika sentensi, ikageuza nafsi ya kwanza kuwa ya pili, kisha ikauliza swali.

Kwa Kiswahili, hata hila hiyo nyepesi ingekuwa na mitego, kwa kuwa nafsi imo ndani ya kitenzi. "Ananidharau" sharti igeuke "anakudharau". "Sina raha" iwe "huna raha". Mtu akisema "sipati usingizi", jibu liwe "hupati usingizi", ambapo irabu ya mwisho pekee ndiyo inayotenga ukanushi na mazoea. Herufi moja ikikosewa, aliyekesha ataambiwa kwamba yeye hupata usingizi. Programu za leo zimevuka vikwazo vya aina hii kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo wengi wanapodhani kazi imekwisha.

Katika kitabu chake cha mwaka 1976, Computer Power and Human Reason, Weizenbaum anasimulia kuhusu katibu wake. Kwa miezi mingi mwanamke huyo alikuwa amemwona akiiunda programu, na kwa hakika alijua kuwa ni programu tu. Hata hivyo, baada ya kubadilishana nayo sentensi chache, alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka. Kwake, hiyo ilikuwa dalili kwamba programu sahili inaweza kuwatia watu wenye akili timamu katika njozi.

Usomaji huo una upungufu. Ombi la katibu halikuelekezwa kwa mashine bali kwa mwanadamu, tena mwanadamu aliyekuwa mkuu wake wa kazi. Halithibitishi kwamba aliamini anaeleweka. Linathibitisha tu kwamba hakutaka kusikika. Inashangaza kwamba mhakiki makini kama Weizenbaum, aliyekwisha kuchukizwa na pendekezo la kompyuta kuhudumia mamia ya wagonjwa kwa saa moja, hakujiuliza kama tatizo lilikuwa yeye mwenyewe kuwapo chumbani.

Msemaji wa Kiswahili angelifahamu ombi hilo upesi. Anayeulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo" hata akiwa na homa, na "habari za nyumbani?" hujibiwa "njema" hata nyumba ikiwaka moto. Huo si uongo. Ni stara, na kila mmoja anajua kwamba habari yenyewe, ikiwapo, itafuata baada ya "ila" au baada ya kimya kilichorefuka kidogo. Asiyetaka kujua hupita. Anayetaka kujua hungoja, na akishaambiwa anakuwa msiri. Katika mwambao, nafasi ya somo kwa mwari wake ilihusisha dhamana ya namna hiyo kwa muda mrefu baada ya unyago. Msiri akifichua, yeye ndiye anayeaibika. Anaweza kudaiwa, kususwa, kuulizwa mbele ya wazee.

Sababu za kutafuta sikio jingine hazitokani na aibu peke yake. Nchini Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mahali ambapo kukiri maumivu kunaweza kumfikisha mtu polisi, na wataalamu wa afya ya akili ni wachache na wengi wao wako mijini, kumlaumu anayeandika kwenye simu usiku wa manane ni ukatili.

Lakini mashine humpa stara bila msiri. Maneno yake yanakaa katika hifadhi ya kampuni, na hakuna anayeweza kuona haya kwa niaba yake. Mwaka 2023, shirika la Marekani la NEDA, linalohusika na matatizo ya ulaji, liliiondoa programu yake iitwayo Tessa baada ya watumiaji kulalamika kwamba iliwashauri kupunguza uzito, ushauri ambao kwa wagonjwa hao ni sumu. Programu ikazimwa, Tessa hakuwa na uso wa kuinamisha. Nayo Woebot, iliyoanza kutumika mwaka 2017, ilifungwa tarehe 30 Juni 2025, kama duka linavyofungwa, na waliozoea kuizungumzisha wakabaki na simu zao.

Kwa hiyo tathmini ya programu hizi kwa Kiswahili haiwezi kukomea kwenye ufasaha wa sentensi. Inapasa kuuliza ni nani anayejibu zikikosea, na wapi, na kwa sheria ya nchi gani. Inapasa pia kuanzia pale mazungumzo yanapoanzia. Programu inayouliza "habari za leo?", ikapokea "nzuri", ikaiandika kuwa kipimo cha hali ya mtu na kuendelea na swali la pili, imekwisha kumpita aliyekuwa akingoja kuulizwa tena.