Ile Iliyooga Sana

Mwanamke wa pwani aliyepita mikononi mwa somo hujua kwamba harufu ina saa zake. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado tumba, kikuba huvaliwa ndani, na nguo za harusi hufukizwa udi. Sokoni hatwendi na vyote hivyo. Kwa hiyo Chanel walipotoa, mwaka 2016, manukato mepesi yaliyozaliwa na Namba 5 yao, wakayaita L'Eau, yaani Maji, hawakunishangaza kwa wazo la kuwa na harufu ya kila siku. Swali lililonisumbua lilikuwa jingine: je, kitu kikipunguzwa ukali hubaki kuwa kile kile?

Namba 5 yenyewe naijua tangu nilipoolewa, mwaka 1994. Shangazi yangu wa Unguja, aliyekuwa ndiye somo wangu, alinitilia mkononi kichupa kidogo akasema, "Mwanangu, hii si ya kuendea kazini. Hii ukiivaa, watu wakujue kabla hawajakuona." Hakukosea. Ernest Beaux, aliyemtungia Coco Chanel manukato hayo mwaka 1921, alichukua waridi na asumini na langilangi, kisha akatia aldehaidi kwa wingi. Kemikali hizo huyapa maua mng'aro mkali, mfano wa nguo nyeupe iliyotoka kupigwa pasi. Kilichotoka hakikufanana na ua lolote ulimwenguni, na huo ndio ulikuwa ujasiri wake.

Mimi nilivunja amri ya shangazi. Nilipoajiriwa Dar es Salaam nikawa naivaa Namba 5 ofisini, mpaka siku moja mwenzangu wa meza ya pili, mtu mwenye pumu, aliponiita pembeni. Aliniambia kwa upole sana kwamba siku nikiivaa yeye hupumua kwa shida. Niliona haya kiasi cha kutamani ardhi ipasuke. Miaka ilipita nikienda kazini bila harufu yoyote, nikijiona nusu yangu imebaki nyumbani. Ndiyo maana L'Eau ilipotoka niliinunua, japo bei yake si ya kuchezea.

Sasa niseme nilichokiona. Kwanza, msomaji asidhani kwamba Olivier Polge, mtungaji wake, alichukua Namba 5 akaizimua. Ameipanga upya. Mbele ameweka ndimu, chenza na chungwa, aldehaidi akazilainisha, na chini akalaza miski nyeupe, mwerezi na mizizi ya vetiva. Robo saa ya mwanzo ni raha tupu: unasikia chenza inayomenywa chumba cha pili, dirisha likiwa wazi.

Lawama yangu iko katikati, penye maua. Asumini ya kweli ikilala mtoni usiku kucha, asubuhi huwa imeanza kunyauka, nayo huwa na harufu ya mwili wa mtu, karibu na uvundo lakini si uvundo. Namba 5 haikulionea haya jambo hilo. L'Eau inalionea haya. Maua yake yamefutwa jasho, na kwa joto la Dar es Salaam, ikifika adhuhuri, kilichobaki ni miski ya nguo safi ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

Nilimpelekea shangazi ainuse. Akaweka pua kwenye kifundo cha mkono wangu, akacheka. "Hii imeoga sana," alisema, na mimi nikadhani hukumu imekwisha kutolewa.

Lakini langilangi lilinifundisha kutoharakisha. Visiwa vya Komoro, majirani zetu, ndivyo vinavyosifika kwa ua hilo. Wachumaji hulichuma alfajiri, kisha hukenekwa kwa saa nyingi, na mafuta yake hugawanywa kwa kadiri yanavyotoka. Yale ya mwanzo, yanayoruka upesi na yenye uso wa ua ulio wazi zaidi, ndiyo ghali kuliko yote. Yale ya mwisho ni mazito na hukaa, lakini bei yake ni ya chini, na mengi huishia kwenye sabuni. Basi kukaa sana si ndiyo ubora pekee.

Mwaka 2021 shangazi aliugua. Dawa alizopewa zilimfanya achukie kila harufu: vitunguu, sabuni, hata udi, alioupenda maisha yake yote. Chetezo kikatolewa nje. Mtu aliyenifundisha harufu akawa analala chumba kisichonuka kitu, na hilo lilimuumiza kuliko alivyokiri. Siku moja akaniambia, "Niletee ile iliyooga." Nilipuliza mara moja kwenye pindo la kanga yake, nikasogea mbali, nikangoja atapike. Aliivuta pindo puani taratibu, akafumba macho.

"Imo," alisema. "Iko mbali, lakini imo."

Alizungumza juu ya Namba 5, si juu ya L'Eau. Aliisikia ndani yake, kama mtu anavyomtambua jamaa kwa sauti iliyo nyuma ya ukuta.

Alipopona aliirudia ile ya zamani, na hii nyepesi akanirudishia, chupa ikiwa nusu. Mimi nami harusini huvaa ya zamani. Bado nashikilia kwamba maua ya L'Eau yana woga. Ila nilipoipima mara ya kwanza niliuliza imepungukiwa nini, nisiulize ni nani aliye karibu nami atakayeivuta. Mwenzangu wa meza ya pili angeweza kunieleza hayo zamani, kama ningemsikiliza kwa kitu kingine zaidi ya haya.