Shefu anakula wa mwisho, ripoti inaombwa Jumapili

Nimemaliza kusoma Leaders Eat Last, kitabu cha Simon Sinek cha mwaka wa 2014. Jina lake linatoka kwa desturi ya askari wa majini wa Marekani: wakati wa chakula wadogo wanatangulia, wakubwa wanajaza sahani nyuma yao. Kutoka hapo Sinek anajenga fikra moja: kiongozi anayejali watu anawafanya wajisikie salama, na mutu anayejisikia salama anafanya kazi muzuri bila kujimaliza. Sibishani na hiyo. Lakini kitabu kinamupa shefu mulango rahisi sana wa kutokea.

Sehemu yenye nguvu ni habari ya Barry-Wehmiller, kampuni ya mashine ya Bob Chapman. Kwenye kiwanda kimoja Chapman aliondoa saa za kupigisha, ambazo watu wa karakana walilazimishwa kupigisha wakati wenzao wa biro walikuwa huru. Kisha ikaja shida ya uchumi ya 2008, oda zikashuka. Badala ya kufukuza watu, aliamua kila mufanyakazi, toka mukubwa wa kampuni mupaka wa chini, achukue wiki 4 bila mushahara. Wafanyakazi wenyewe wakaanza kubadilishana: mwenye akiba anachukua wiki 5, mwenzake asiye nayo anachukua 3. Sinek anahesabu hilo kuwa tunda la uongozi. Sawa, lakini muone: bila yale mabadilishano, wiki 4 za mukurugenzi na wiki 4 za mulinzi si muzigo mumoja. Haki ilikamilishwa na watu wa chini. Na Chapman hakuongeza tabasamu tu, aligusa saa za kazi na nani analipa hasara.

Baada ya hapo kitabu kinazama kwenye homoni: oksitosini, dopamini, kortisoli. Mimi nilisoma agronomia, biolojia naipenda, lakini hapa ni kama chumvi nyingi kwenye mboga ambayo haijaiva. Shefu anafunga kitabu na somo moja jepesi: penda watu wako.

Na mashefu wetu wanapenda watu, kabisa! Ingia kwenye muradi wa kilimo hapa Kivu, utasikia: "Siye tuko familia moja." Shefu anauliza habari ya mama, anafika kwenye matanga, siku yako ya kuzaliwa analipia kila mutu sukre. Halafu Jumapili saa mbili ya usiku telefone inalia: "Agronomu wangu, ripoti ya vikundi iko wapi? Mufadhili anaingoja."

Mwezi wa tisa hakuna anayelalamika. Musimu A unaanza, mbegu lazima ifike kwa mukulima mbele mvua ikolee, na mbegu haingoji mutu. Shida ni mwezi wa kwanza, wakati mavuno yameingia na mbio ni zile zile, watu watatu wanafanya kazi ya sita, na kalenda imeandikwa na mutu ambaye hajapanda moto kwenye tope.

Christina Maslach na Michael Leiter, katika The Truth About Burnout (1997), walitaja mambo 6 yanayoleta uchovu sugu wa kazi: kazi kupita kiasi, kukosa usemi juu ya kazi yako, malipo yasiyolingana, umoja kuvunjika, kukosa haki, na kazi kupingana na yale unayoamini. Shefu wa sukre anagusa umoja, labda na nusu ya malipo kwa ile "asante sana". Mengine yanabakia. Na mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika uchovu huo kama jambo la kazi, si ugonjwa wa mutu. Kwa hiyo "nenda upumzike kidogo, utapona" si jibu, ikiwa Jumatatu unarudia muzigo ule ule. Sheria yetu ya kazi ya 2002 inaweka masaa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Sinek hana lazima ya kuijua, shefu wetu anayo.

Ukitaka kukisoma, anza na Barry-Wehmiller, ruka homoni, kisha utafute Maslach na Leiter. Na siku ya mahojiano ya kazi, shefu akikuambia habari ya familia, muulize kwa heshima: mwezi wa tisa timu inakuwa na watu wangapi, na mwezi wa kwanza nani anapata konje?