'Inaonekana': Ushahidi au Kichaka?

Umewahi kuhesabu ni mara ngapi neno 'inaonekana' hutokea katika insha moja ya fasihi? Wanafunzi wangu hapa Bongwe hulifanya kichaka cha kujifichia.

Waingereza hupunguza uzito wa kauli kwa vitenzi kama 'seem' na 'appear'. 'Appear' hubeba maana mbili: kujitokeza machoni na kudhaniwa kuwa. Kiswahili nacho ni vivyo hivyo. "Ngalawa inaonekana" maana yake macho yameifikia. "Ngalawa inaonekana imejaa samaki" ni kukisia. Mvuvi wa Gazi hayachanganyi hayo mawili. Mtahiniwa huyachanganya.

Chukua tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. Ukiandika "Inaonekana Majoka ni dhalimu", unasitasita pasipo haja, kwani soko la Chapakazi limefungwa kwa amri yake. Sema wazi kuwa ni dhalimu, kisha utaje tukio hilo. Lakini ukidai kwamba mwandishi alimpa jina hilo ili tumwone kama nyoka mkubwa, hapo unaisoma nia isiyoandikwa. Tumia "yaelekea", "yamkini" au "huenda", kisha utoe sababu.

Nakiri kwamba nami nililikata neno hili kwa kalamu nyekundu kila nilipoliona, hata pale mwanafunzi alipokuwa makini kuliko mimi. Mwalimu mwenzangu, kabla ya kulikata, muulize: jambo hili limo kitabuni, au umelifikia mwenyewe?